Elektroni Zinazuia Mwanga au Hazizuii?

Haya wadau, nimerudi kijiweni. Najua nimepotea, na wale mlionitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko, jibu ni hapana (bado!). Nilikuwa TP, nikarudi nikakuta kazi za makundi zimenisubiri, halafu bumu likachelewa, na mnajua bumu likichelewa hata mawazo yanagoma. Leo nimekaa kwenye kimbweta nyuma ya hosteli, bando lipo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu kule shule. Naomba nilitoe.

Kwa wageni: nasoma ualimu, masomo yangu ni Fizikia na Hisabati. TP nilipangiwa shule moja ya kata, mkoa siutaji, nikapewa kidato cha nne. Maabara ni kabati moja lenye kufuli, na ufunguo anao mtu ambaye huwa hayupo. Mwalimu mwenyeji akanikabidhi mada ya astronomia, akaniambia, "Hii maliza kwa vipindi viwili tu, huwa inatoka kidogo." Mimi na ujuaji wangu nikasema hapana, hawa watoto nitawapa kitu ambacho hakimo kwenye notisi za kunakili. Nitawapa hadithi ya gesi ya ulimwengu tangu Mlipuko Mkuu mpaka galaksi. Na kama mkosi, siku hiyohiyo supavaiza wangu kaja, kakaa dawati la nyuma na fomu yake.

Nikaanza kwa mbwembwe. Nikawaambia ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Hapo mwanzo ulikuwa wa moto mno kiasi kwamba elektroni hazikuweza kukaa kwenye atomi, zilikuwa zinazurura huru, na mwanga ukijaribu kusafiri unazigonga na kupindishwa njia. Ulipofika umri wa miaka 380,000 hivi, joto likashuka hadi kama kelvini 3,000, elektroni zikashikana na protoni, tukapata atomi za haidrojeni, na mwanga ukaachiwa huru. Ukafuata muda mrefu wa giza kwa sababu nyota zilikuwa hazijazaliwa. Kisha nyota na galaksi za kwanza zikawaka, mionzi yake ya urujuanimno ikazing'oa tena elektroni kutoka kwenye atomi za gesi iliyotanda kati ya galaksi, yaani ikaionisha gesi ile upya, na (hapa ndipo nilipojiponza) nikasema, "ukungu ukaondoka, mwanga ukapita."

Kimya. Nikajua nimewapata. Kumbe kuna kijana mmoja pembeni ya dirisha, mpole, wale ambao jina lake unalijua wiki ya tatu, kanyoosha mkono.

"Madamu, samahani. Mara ya kwanza elektroni zilipokuwa huru, mwanga ulikwama. Mara ya pili elektroni zimekuwa huru tena, umesema mwanga umepita. Sasa zinazuia au hazizuii?"

Jamani... Darasa likacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Mimi nilikuwa nimesimama na chaki mkononi, supavaiza ananitazama, na kichwani hamna kitu. Niliikariri ile hadithi kutoka kwenye video, sikuwahi kujiuliza swali hilo hata siku moja. Na nikafanya kile ambacho nimefanyiwa tangu darasa la tatu. Nikamwambia, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani. Kaa chini, andika notisi."

Akakaa. Wiki tano zilizobaki hakuuliza tena. Na kwenye fomu ya supavaiza, sehemu ya udhibiti wa darasa, niliandikiwa "vizuri sana". Alama nzuri kuliko zote nilizopata TP nzima, wadau, nimezipata kwa kumnyamazisha mtoto aliyekuwa sahihi.

Kwa hiyo niliporudi kampasi nikasema lazima nilipate jibu, na hoja yangu ya leo imetoka humo. Nasema hivi: lile neno ukungu tulifute kabisa tunapofundisha habari hii, na lile neno "haliulizwi" tulifute pamoja nalo, kwa sababu yote mawili yanafanya kazi moja, kumzuia mtu asifike kwenye hesabu.

Maana jibu ni hesabu, tena ya kugawanya tu. Nilikaa na rafiki yangu wa uhasibu (yeye alikuja kula ubuyu wangu, akajikuta ameshika kikokotoo). Ukiisambaza haidrojeni yote ya ulimwengu sawasawa, leo unapata kama atomi moja katika kila mita 5 za ujazo. Yaani chumba chetu cha hosteli, tunamolala wanne, kingekuwa na atomi kama 6 au 7. Hewa tunayovuta ina molekuli kama 25 zikifuatiwa na sifuri 24 katika mita moja ya ujazo. Kwa hiyo gesi ya kati ya galaksi ni kitu chembamba kupita akili.

Sasa rudi nyuma. Wakati ule wa miaka 380,000, kila umbali ulimwenguni ulikuwa umebanwa kama mara 1,100 ukilinganisha na leo. Ujazo ni umbali mara tatu, kwa hiyo densiti ilikuwa 1,100 kipeo cha tatu, zaidi ya mara bilioni moja. Unapata kama elektroni milioni 250 katika kila mita ya ujazo. Kila elektroni ina eneo lake la kugongwa na mwanga, linaitwa eneo la Thomson, dogo sana lakini lipo kwenye majedwali yetu. Ukigawanya, fotoni moja ilikuwa inasafiri kwa wastani miaka-nuru kama 6,000 kabla ya kugonga elektroni. Unaweza kusema miaka-nuru 6,000 ni mbali. Ni mbali kwako wewe unayesubiri daladala! Kwa ulimwengu wenye umri wa miaka 380,000 ni kugongana mara kwa mara, hakuna habari inayofika popote.

Mara ya pili je? Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009 na matokeo yake ya mwisho kutoka 2018, inaweka katikati ya kipindi cha kuionishwa upya kwenye kama miaka milioni 700 baada ya Mlipuko Mkuu. Wakati huo umbali ulikuwa umebanwa kama mara 8.7 tu. Kipeo cha tatu, kama mara 660. Zidisha, unapata elektroni kama 125 katika mita ya ujazo. Kutoka milioni 250 hadi 125! Gawanya tena na eneo lilelile la Thomson: fotoni inasafiri miaka-nuru bilioni 12 na ushee kabla ya kugonga. Na kadiri inavyosafiri, ulimwengu unazidi kutanuka na elektroni zinazidi kutawanyika, kwa hiyo nyingi hazigongi kabisa. Planck ilikuta kwamba katika kila fotoni 100 za ule mwanga wa kale, kama 5 tu ndizo ziligonga elektroni njiani.

Kwa hiyo kijana wangu wa dirishani, elektroni zinazuia. Zimezuia siku zote, tabia yake haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nafasi. Soko la Kariakoo mchana wa kuamkia Idi, na uwanja mtupu wa mpira wenye watu watano: ukikimbia umefumba macho, wapi utagonga mtu?

Rafiki yangu wa uhasibu akasema, "Sasa hiyo tu ndiyo ilikushinda?" Sikumjibu. Ubuyu nao ulikuwa umekwisha.

Lakini hapo nikagundua kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu vitabu na video nyingi nzuri zinalifanya. Kama elektroni huru hazikuwa tatizo tena, basi ule "ukungu" ulikuwa wa nini? Atomi nzima ya haidrojeni haizuii mwanga wa kawaida. Ungekuwepo kule enzi za nyota za kwanza ukiwa na macho yako haya, ungeziona nyota vizuri tu. Giza lile lilikuwa giza la kukosa taa, halikuwa moshi. Atomi ya haidrojeni inachagua. Inameza mionzi yenye nishati ya elektronivolti 13.6 au zaidi, yaani urefu wa wimbi chini ya nanomita 91.2, kwa sababu hiyo ndiyo nishati inayotosha kung'oa elektroni. Na inakamata pia rangi moja mahsusi ya urujuanimno, nanomita 121.6, ambayo inamrusha elektroni ngazi moja juu bila kumtoa. Zaidi ya hapo, pita baba, pita mama.

Ile namba 13.6 tumeikariri sote. Nimeiandika kwenye mtihani wa kidato cha sita, nimeiandika tena mwaka wa kwanza, na sikuwahi kuambiwa kwamba ni mlango ambao kila fotoni iliyobadilisha gesi ya ulimwengu mzima ilibidi iupite.

Na angalieni jinsi ilivyogunduliwa, ni tamu. Mwaka 1965 James Gunn na Bruce Peterson walijiuliza: mwanga wa kwasari ya mbali ukiwa njiani unanyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu. Mwanga ulioanza ukiwa na wimbi fupi kuliko nanomita 121.6 utafika mahali fulani njiani ambapo umenyooka hadi kuwa 121.6 kamili. Hapo kukiwa na atomi nzima za haidrojeni, mwanga unakamatwa. Kwa hiyo gesi ya kati ya galaksi ingekuwa ya atomi nzima, sehemu hiyo yote ya mwanga ingefutika. Wakatazama kwasari iitwayo 3C 9: haikufutika. Hitimisho, gesi imekwisha kuionishwa! Hakuna aliyekwenda huko, ni kusoma tu kitu ambacho HAKIPO. Ikabidi kusubiri hadi mwaka 2001, Robert Becker na wenzake walipotazama kwasari ambayo mwanga wake ulitoka ulimwengu ukiwa haujafikisha hata miaka bilioni moja, wakaona sehemu hiyo imefutika kabisa. Tahadhari tu, inatosha atomi nzima moja katika kila 10,000 kufuta mwanga huo, kwa hiyo kufutika peke yake hakusemi gesi yote ilikuwa nzima. Lakini walikuwa wameufikia mkia wa kipindi chenyewe.

Neno ukungu lingekupeleka huko? Mimi halikunipeleka. Lilinipa picha nzuri, nikaridhika.

Sasa najua kuna watu humu watanishukia. Jamaa yangu mmoja wa Kemia na Baiolojia ameshanishukia tayari, kantini, mbele za watu. Anasema: wewe unaongelea galaksi kwenye shule ambayo watoto wanashea kitabu kimoja watu wanane? Mtoto yule anahitaji kufaulu aende kidato cha tano. Mtihani hauulizi gesi ya kati ya galaksi. Dakika 40 ulizotumia kwenye hadithi zako ni dakika 40 za umeme na sumaku ambazo amezikosa.

Ana hoja, na sitajifanya haniumizi. Ni kweli mtihani ndio mlango, na ni rahisi kudharau mlango ukiwa umeshapita. Lakini namuuliza, umeme ule ningeufundisha kwa kifaa gani, na kabati limefungwa? Somo la gesi ya ulimwengu halikuhitaji kabati. Lilihitaji chaki na kugawanya namba kubwa, kitu ambacho kimo kwenye mtihani wa Hisabati NA wa Fizikia. Densiti imo. Mawimbi yamo. Kilichonipotezea dakika 40 ni kwamba nilikuja na hadithi bila hesabu, na swali lilipoileta hesabu mlangoni nikaifungia nje.

Kingine, elimu ya uionishaji yenyewe haikuanzia kwa watu wenye makabati wazi. Kwa nini elektroni zilishikana kwenye kelvini 3,000 wakati nishati ya kuzing'oa inalingana na joto la zaidi ya kelvini 150,000? Anayetupa namna ya kukokotoa hilo ni Meghnad Saha, aliyezaliwa mwaka 1893 kijijini karibu na Dhaka, mtoto wa mwenye duka dogo. Mlinganyo wake ulitoka mwaka 1920. Fotoni zilikuwa zaidi ya bilioni moja kwa kila atomi, kwa hiyo hata zile chache zenye nguvu nyingi zilitosha kuendelea kung'oa elektroni muda mrefu joto likiwa limeshashuka. Nimemaliza miaka miwili ya Fizikia nikimjua Saha kama jina la fomula. Mtoto wa duka!

Halafu kuna sehemu ambayo ningewapa wanafunzi kwa hamu kuliko zote: nani hasa alifanya kazi ile? Fotoni zilizoionisha gesi zilitoka wapi? Wapo wanaosema galaksi kubwa chache, wapo wanaosema vigalaksi vidogo vingi, wapo wanaowaongeza mashimo meusi yanayokula gesi. Mwaka 2024 Hakim Atek na wenzake walitumia darubini ya James Webb pamoja na kundi la galaksi la Abell 2744, ambalo uzito wake unakuza picha za vilivyo nyuma yake kama lenzi, wakapima vigalaksi vinane hafifu sana. Walikuta vinatoa mionzi ya kuionisha kama mara nne ya ilivyozoeleka kudhaniwa. Wadogo wamefanya kazi, basi tufunge mjadala? Wapi! Mwaka huohuo wengine wakapiga hesabu wakasema kama ni hivyo fotoni zinazidi, kazi ingeisha mapema mno kuliko ushahidi mwingine unavyoonyesha. Zamani shida ilikuwa uhaba, sasa shida ni wingi. Kila kitu kinategemea ni fotoni ngapi kati ya zile zinazozaliwa ndani ya galaksi zinafanikiwa kutoroka nje bila kumezwa na gesi ya nyumbani. Mwaka 2025 tena ikatangazwa galaksi ya miaka milioni 330 tu baada ya Mlipuko Mkuu, JADES-GS-z13-1, ambayo ile rangi ya 121.6 imetoka nayo na kutufikia, wakati kwa hesabu za wengi ilitakiwa imezwe palepale. Labda ilishajichimbia povu lake la gesi iliyoionishwa. Watu wanabishana, tena kwa adabu na namba.

Na wanaoutafuta ukweli huo wako pia barani kwetu. Haidrojeni nzima ina wimbi la redio la sentimita 21, megahezi 1,420. Likitoka enzi za galaksi za kwanza linafika limenyooshwa mpaka megahezi 88 hadi 108, yaani palepale tunaposikilizia taarabu na mpira! Ndiyo maana mtambo wa HERA umewekwa kwenye ukame wa Karoo, Afrika Kusini, eneo ambalo sheria ya mwaka 2007 inalilinda lisichafuliwe na mawimbi ya redio. Umebuniwa kuwa na madishi 350, kila moja upana wa mita 14, yaliyotengenezwa kwa nguzo za miti, mabomba ya plastiki na wavu wa waya. Vifaa vya duka la ujenzi. Hadi sasa umetoa mipaka ya ishara yenyewe inaweza kuwa na nguvu kiasi gani. Ukifundisha hilo, yule wa dirishani anajua kwamba swali lake lina kampuni.

Nawaza tu kwa sauti: hivi ni maswali mangapi tumeyakalisha chini mwaka huu, sisi tuliotoka TP? Nimewauliza wanne wa kozi yangu. Watatu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza.

Basi wiki mbili zilizopita niliandika jibu kwa mkono, kurasa mbili za daftari, hesabu yote ya elektroni milioni 250 na 125, na mstari wa juu kabisa nikaandika kwamba alikuwa sahihi na mimi sikuwa najua. Nikapiga picha, nikamtumia mwalimu mwenyeji kwa WhatsApp ampe. Nilidhani yameisha. Juzi imerudi picha ya kipande cha karatasi ya hesabu, mwandiko mdogo mdogo, bila hata salamu:

"Madamu, hizo 5 katika 100 zilizogonga, zilienda wapi?"

Nimejibu leo asubuhi kabla ya kipindi cha saa mbili. Zilipindishwa, zikaendelea kuja kwetu kutoka upande mwingine, zikiwa zimebaki na alama: mawimbi yake yameegemea kutikisika upande mmoja. Na ni kwa kupima alama hiyo ndipo Planck ilijua kwamba ni 5. Ukurasa mmoja na nusu, na mchoro. Sasa nasubiri picha nyingine.

Ni hayo tu kwa leo, ngoja niwahi kantini kabla maharage hayajaisha.